Amina ya Nyuma ya Pazia

Shoga, mkasi bado uko mkononi.

Unajua sigusi kitambaa kabla sijaomba. Leo nikaomba kwa sauti, nikidhani niko peke yangu dukani: "Bwana, nipe subira na mama mchungaji. Gauni lake la kwanza nimelifumua mara tatu, kwa sababu kila nikimpima anabana tumbo."

Nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikasikia, "Amina."

AMINA! Mama mchungaji mwenyewe! Kumbe aliingia nilipokwenda kuchota maji ya pasi.

Nikajua ile kazi ya kushona majoho ya kwaya aliyoniahidi imeota mbawa.

Akatoka, gauni limemkwama kiunoni. "Wiki tatu hukuniambia mimi, ukaenda kunishtaki kwa Mungu?"

"Nilianza na asiyekasirika upesi, mama."

Akacheka mpaka mshono ukaachia. Kisha akashusha pumzi, tumbo likatoka lote. "Haya, pima ukweli."

Sentimita tisa zaidi, shoga. Tisa! Dakika moja ya maombi imemaliza kilichoishinda tepu wiki tatu.

Kazi ya majoho ni yangu. Ila kitambaa cha leo hakijakatwa, amekataza. "Kesho asubuhi nakuja tuombe wote kwanza. Na mimi nina ombi langu, kuhusu fundi anayesema 'njoo Ijumaa' kila Jumatatu."