Kumtafuta Mama Yako Katika Kitabu cha Jela

S.L.P. 218,
Harlow Springs,
Georgia.

11 Oktoba 2024

Mpendwa binamu yangu Renita,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi la karanga. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Curtis na watoto, na kwamba baridi ya Fairbanks haijaanza kuwang'ata masikio. Huku bado tunatoa jasho. Watu wanang'oa karanga tangu mwezi uliopita, na shati jeupe ukilianika unalianua la kahawia.

Mimi sijambo. Nimestaafu gazetini, lakini mhariri bado ananipigia simu kuniuliza nani ni mtoto wa nani, kwa hiyo nilichostaafu hasa ni mshahara. Mama yako naye hajambo. Sukari imeshuka, anakula vizuri, ila goti la kulia linamsumbua akipanda ngazi za kanisa. Juzi alinifukuza jikoni kwake kwa kosa la kuonja kunde kabla ya sala. Ukimsikia ananyamaza kwenye simu siku hizi, usidhani ni ugonjwa. Sababu iko humu, na ameniruhusu nikueleze mimi, kwa kuwa yeye alijaribu mara mbili akaishia kukuuliza hali ya hewa.

Mwezi Agosti uliniomba nitafute karatasi inayoonyesha kwamba alikamatwa mwaka 1963, siku wanafunzi wa shule yetu ya weusi walipoingia maktaba ya mji, iliyokuwa ya wazungu peke yao, wakaketi wakafungua vitabu. Ulitaka jina lake lichongwe kwenye jiwe la kumbukumbu litakalozinduliwa mbele ya mahakama Jumamosi ya tarehe 19. Mchungaji Tolbert, mwenyekiti wa kamati ya jiwe, amekataa katakata kuandika jina lisilo na karatasi. Usimlaumu. Kila mwaka waliokamatwa siku ile wanaongezeka. "Ndugu Wendell," aliniambia, "nikiwaamini wote, basi lile gari la polisi lilikuwa treni." Majina yake aliyatoa kwenye gazeti la wakati ule, lililowachapisha waliokamatwa ili waajiri wa wazazi wao wawaone. Earline Mabry hakuwemo.

Nilianzia dirishani kwa sherifu, kama kila mtu. Binti wa pale aliniuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, akabonyeza kompyuta, akatabasamu.

"Habari njema, mzee. Shangazi yako hana kitu. Safi kabisa."

"Ndilo tatizo lenyewe. Mimi natafuta alipokamatwa."

Alinitazama kama mtu aliyeingia duka la dawa kuomba homa. "Watu huja hapa wakimwomba Mungu nisione kitu. Wewe unataka nimtie bibi wa watu ndani?"

Kompyuta yao inaanzia mwaka 1991. Nikaandika ombi rasmi, maana kumbukumbu za kukamatwa ni mali ya umma na sheria ya jimbo inawataka wajibu ndani ya siku tatu za kazi. Walijibu kwa wakati: vitabu vya zamani havipo. Nimezunguka ofisi za kaunti hii muda wa kutosha kujua kwamba "havipo" mara nyingi maana yake ni "havipo hapa nilipoketi." Kwa hiyo sikuuliza tena kama vipo. Niliuliza jela ya zamani ilipofungwa funguo alikabidhiwa nani. Alikabidhiwa karani wa mahakama.

Pale yupo Bi. Darlene Hutto, yule mzungu mwenye miwani ya mnyororo aliyekuwa akikatisha tiketi za mpira ulipokuwa shule. Tulishuka naye chumba cha chini, chini ya ofisi ya kodi.

"Jina la mtu, mpenzi?"

"Sina jina. Nina tarehe."

"Hapo sasa," alisema, akaenda moja kwa moja kwenye rafu.

Ukija kumtafuta mtu katika vitabu vya namna hii, Renita, tafuta siku. Jina askari hulikosea, na mwenye jina naye huwa na sababu zake. Kila mahabusu alikuwa na mstari wake: jina, umri, rangi, kimo, alama za mwilini. Nilisoma siku ile yote kuanzia wa kwanza. Mama yako hakuwemo. Lakini katikati ya ukurasa yumo Ozella Stripling, mwanamke, mweusi, miaka kumi na saba, kovu la moto mkono wa kushoto, kifundo hadi kiwiko.

Mkono huo unaujua. Umelala juu yake. Ni shira ya miwa iliyochemka, ilimmwagikia mama yako kwa babu akiwa na miaka sita. Bi. Ozella tunayemjua sote, anayeongoza sauti ya pili kanisani na kukaa kiti cha mbele kila mwaka maandamano yale yakikumbukwa, huvaa mikono mifupi hata Januari, na mikono yake haina doa.

Nilikwenda kwa mama yako siku ileile. Alikuwa anachambua mboga.

"Umeipata," alisema kabla sijaketi.

"Nimempata Bi. Ozella kwenye kitabu kwa Darlene, akiwa na mkono wako."

Alichambua majani mengine kadhaa. "Huyo Darlene hana kazi za kufanya?"

Kisha akasema yote, na mimi nakupa kama nilivyopewa. Bibi yetu alikuwa mpishi kwa mwenye gazeti. Jina la Mabry likichapishwa asubuhi, bibi angekuwa nje kufikia jioni. Wiki ile Ozella alikuwa amewacheka waliokuwa wanajiandaa kwenda maktaba, na kabla ya hapo alikuwa amepewa wimbo wa Pasaka ambao mama yako aliuona ni wake. Askari alipouliza jina, mdomo ulisema Ozella Stripling. "Sikulipanga," aliniambia. "Jina lilikuwa mlangoni tu, likatoka."

Gazeti lilitoka Alhamisi. Ijumaa baba yake Ozella, aliyekuwa dereva wa magari ya barabara ya kaunti, alifukuzwa kazi, na mwenye nyumba akawataka wahame. Wakaenda Jacksonville. Ozella alirudi miaka mingi baadaye akiwa ameolewa, shule hakumaliza. Wakati huo waliokuwa ndani na mama yako walikuwa wamehama mji au wamefariki.

Nilimuuliza mama yako kwa nini hakusema.

"Mwanzoni niliogopa. Halafu Ozella akarudi, watu wakampigia makofi, nikaona tumelipana. Halafu nikazeeka."

Akanisihi nikuambie kwamba sikupata kitu. Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba nimeandika habari za watu wa kaunti hii maisha yangu yote bila kuwauliza kama wanapenda, na siwezi kuanza kuuliza kwa kuwa sasa ni yeye. Lakini nani aambiwe kwanza, nikasema, hilo ni lako, Shangazi. Akaniagiza viazi vitamu vya kupikia pai.

Jumapili baada ya ibada nilimpeleka kwa gari, pai mapajani. Bi. Ozella alikuwa barazani kwake kwenye kiti cha kubembea.

"Earline. Pai? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nina neno."

"Basi liseme, maana naona Wendell anaitazama hiyo pai vibaya."

Mama yako alilisema akiwa amesimama, bila kupamba. Nimesikia wengi wakikiri mahakamani, mbele ya mawakili wa kuwashika mkono, na wachache walikwenda moja kwa moja namna ile. Bi. Ozella alisimamisha kiti.

"Nilijua Ijumaa ileile," alisema. "Mji mzima palikuwa na mtu mmoja tu wa kunipeleka jela bila kunitoa nyumbani."

"Ulikuwa umechukua wimbo wangu."

"Ulikuwa unaimba kama bata, Earline."

"Hata kama."

"Bata mwenye mafua."

Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini alikubali kiti cha mbele miaka yote hii. Alinigeukia kama mwalimu. "Kiti kile baba yangu alikilipia, kijana. Ulitaka akae nani?"

Nina miaka sitini na sita na bado ni kijana pale barazani.

Alichokuwa hakijui ni kwamba kipo kitabu. Alijua habari ya gazeti tu. Nilipotaja kovu aliniuliza tena na tena kama kweli limeandikwa, kwa kalamu, siku ileile. Ndipo habari nyingine ilipotoka. Siku ya maktaba alikuwa nyumbani peke yake anapiga pasi. Baba yake aliporudi na gazeti mkononi, alimwambia hakwenda. Mzee hakuchukia maandamano. Alimwambia kwamba kama alikwenda angemsamehe, hata kazi angeisahau, ila aseme kweli. Ozella akasema kweli, na mzee akaona ni uongo. Mzee alifariki Jacksonville akiamini kwamba binti yake alimdanganya usoni, na Roscoe, kaka yake Ozella, humkumbusha hivyo kila Krismasi.

Mama yako hilo hakulijua. Aliketi kwenye ngazi, na goti lake lile.

Jumatatu Bi. Ozella alitaka kuona kwa macho yake. Tulishuka sote kwa Bi. Darlene. Alisoma mstari ule kwa kidole, pole pole. Kisha, bila kuomba ruhusa, akaushika mkono wa mama yako, akapandisha shati hadi kwenye kiwiko, akaulaza kando ya ukurasa. Bi. Darlene alipata kitu cha kutazama ukutani.

"Ndio huu," alisema Bi. Ozella. Hakuuachia upesi. Akaomba nakala yenye muhuri, ya kumpelekea Roscoe. "Akisema hana miwani nitampa yangu."

Kutoka pale alitaka kupelekwa kwa Mchungaji Tolbert, na sisi nyuma yake.

"Futa jina langu," alimwambia. "Andika la huyu."

Mchungaji alisoma nakala, akaisoma tena, akavua miwani. "Bi. Ozella, si lazima tufute. Familia yako iliumia kuliko wengi. Jiwe lina nafasi ya wote."

"Sikuuliza nafasi. Mimi sikukamatwa. Nilisema hivyo mwaka 1963 na nasema hivyo leo, tofauti ni kwamba leo nina karatasi."

Basi ndivyo ilivyo. Jina la Earline Mabry limefika kwa mchongaji na nakala yako nimeiweka ndani ya bahasha hii. Uliniambia utaitia fremu. Itie, lakini uisome yote kwanza, pamoja na jina lililo juu yake.

Mama yako ameomba kusema maneno machache Jumamosi kabla kitambaa hakijatolewa. Hakuna aliyemlazimisha. Atawaeleza watu alimpa askari jina la nani, na nani alililipia. Anaogopa sana, na anaogopa zaidi wewe utamwonaje. Sikuandikii haya ili umhukumu, wala ili umsamehe, maana aliyekosewa si wewe. Alikuwa na miaka kumi na saba mbele ya askari, akaokoa mkate wa mama yake kwa mkate wa mwenzake. Yote mawili ni kweli na sioni kama moja linafuta jingine.

Ukiweza kuja, njoo. Nitakupokea uwanja wa ndege Tallahassee, hata ndege iwe ya alfajiri. Ukishindwa, mpigie Ijumaa jioni. Usianze na pongezi. Muulize atavaa gauni lipi, la bluu au lile la kijivu, mbishane kidogo. Atajua umesoma na bado ni binti yake.

Bi. Ozella amewekewa kiti mbele kama kawaida. Amekataa, anasema atakaa nyuma karibu na mlango ili aone nani anasinzia. Mama yako amesema basi naye akimaliza kusema atakwenda kukaa huko. Bi. Ozella amejibu kwamba nyuma hakuna nafasi ya kuimba. Jana Roscoe alipiga simu kutoka Jacksonville. Alikuwa ameipata ile nakala. Hakuomba radhi na dada yake hakumdai. Aliuliza tu shughuli inaanza saa ngapi, na kama mtu akitoka kule asubuhi atawahi.

Nisalimie Curtis, umwambie ile fimbo yake ya kuvulia samaki bado ninayo na bado hairudi. Wasalimie Jalen na mdogo wake Simone, uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Mke wangu Loretha anakusalimu na anauliza kama ulipata zile njugu za pekani alizotuma. Mchungaji naye anakusalimu.

Mungu akulinde na barafu, akuweke karibu nasi hata ukiwa mbali, na akuletee usingizi mwema baada ya kusoma haya.

Ni mimi binamu yako nikupendaye,

Wendell Mabry