Kwenye Modeli Hakuna Majirani

Jumatatu, 3 Machi
Mashine ya oksijeni ya Baba imezima tena mchana. Jua kali, paneli za sola za mtaa mzima zinazalisha, na taa yetu inapepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga. Nikamwekea mtungi wa akiba. Baba, huku anahema: injinia mzima ndani ya nyumba, na umeme unatuchezea shere! Nikacheka. Moyoni sikucheka.

Jumanne, 4 Machi
Nimeijaribu kwenye kompyuta modeli ya inveta yetu, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani. Mstari umenyooka, hautikisiki. Chumbani kwa Baba — tit, tit, tit, kengele. Nimeipunguza kasi ya kuitikia inveta ya kwetu, isikurupuke kila volti zinapopanda. Wapi!

Alhamisi, 6 Machi
Nimejua! Afadhali nisingejua. Modeli yangu ina nyumba moja na gridi, yaani umeme wa shirika, isiyoyumba. Hapa tuko nyumba saba mwisho wa waya mrefu, na Fundi Koleo, aliyezifunga inveta zote, alinakili mipangilio yangu ile ile ya kuitikia haraka. (Aliniomba mwenyewe. Nilivimba kichwa.) Volti zikipanda, zote zinazivuta chini kwa pamoja. Zikishuka, zote zinazisukuma juu. Nani atulie?

Mama Barafu, muuza barafu wa nyumba ya pili, akanionyesha skrini yake: hitilafu ya gridi. Ya kila nyumba inasema hivyo hivyo. Eti yangu haina neno, mwanangu, hebu angalia ya kwenu.

Kuzipunguza kasi zote ni kazi ndogo tu. Nywila za hizo sita nyingine anazo Fundi. Fundi kasafiri, simu kazima. Nimepiga mpaka sikio limewaka moto.

Ijumaa, 7 Machi
Shirika la umeme: watakuja wiki ijayo. Dada wa simu ana sauti tamu kweli. Naanza kulichukia jua.

Jumamosi, 8 Machi
Mchana. Mtungi unakaribia kuisha. Kaka kafuata mwingine, hajarudi. Nimegonga milango yote: jamani, zimeni inveta, Baba anakosa hewa. Sikutegemea — wamezima wote! Mama Barafu kaacha wateja wamesimama, kaja mbio na ndala mguu mmoja. Taa ikaacha kupepesa. Nikalia.

Kisha nikapima. Volti zimetulia, ila ziko chini mno. Bila paneli zetu, mchana mji mzima ukivuta umeme, waya huu hautufikishii wa kutosha. Mashine ya Baba haiwaki. Tumewasha inveta mbili — mashine inanguruma, inazima. Tumewasha tatu — volti zikaanza tena kurukaruka. Tumezima.

Mshale wa mtungi umeingia kwenye nyekundu. Majirani wamejaa mlangoni. Mama Barafu anauliza, imetulia? Namjibu imetulia. Baba kaivuta barakoa pembeni, anawashukuru mmoja mmoja, sauti haitoki. Namrudishia. Kaka hapokei simu.

Mama Barafu tena: tufanye nini sasa, injinia? Wote wananitazama. Naandika ili wadhani napiga hesabu.