Nyumba Ambayo Kijiji Kilisema Hakiijui

Logan, Brisbane
4 Machi

Shangazi Fuiva mpenzi,

Nakusalimu kwanza kwa heshima, halafu kwa haraka, maana ndivyo nilivyo siku hizi. Magoti yanasemaje? Sukari umepima, au bado mnabishana? Mama ni mzima. Anarudi kutoka kwenye ile nyumba ya wazee kachoka hoi, na bado anataka kupika. Mimi mwili hauna neno, ila roho haitulii.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, pamoja na jirani.

Wale wafadhili wa hapa Brisbane wanaoitunza nyumba yako ya kuwahifadhi wanawake wameikodi ofisi yetu. Kazi yetu unaijua: kupima watu wanaifikiriaje taasisi fulani, kama wanaifahamu, wanaiamini, na ikifungwa wataumia. Ndiyo hayo mahusiano ya umma ambayo wewe huyaita umbea wenye mshahara. Sasa wafadhili wanataka utafiti unaoonyesha kwamba nyumba yako ina thamani. Taarifa isipowaridhisha, mwisho wa Juni wanajitoa, na wakijitoa hao nyumba inafungwa. Bosi wangu, Bwana Prescott, alitaka kumpa kazi hii kijana mmoja wa Sydney ambaye hawezi kukuonyesha Tonga kwenye ramani, sembuse visiwa vyetu vya Vava'u. Nimeipigania mpaka nikaipata. Nikiharibu, nitakuwa nimekufungia nyumba kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimeambatanisha dodoso, kwa Kitonga. Maswali ni machache: Unaijua nyumba ya wanawake ya Fuiva? Inamsaidia nani? Unaiamini? Tafuta mtu mwenye adabu apite nyumba kwa nyumba. Asiwe mmoja wa watu wako wa karibu, watasema anakupigia debe.

Msalimie sana Baba. Mwambie nangoja aje. Mama nikimtajia Baba anaanza kufuta meza ambayo tayari ni safi. Mtu kumwacha mume mwema kijijini miaka yote hii kwenda kuogesha wazee wa watu, mimi mpaka leo sijamwelewa.

Mwanao,
Kalolaine


Vava'u
29 Machi

Mwanangu Kalolaine,

Barua yako imefika na imenikuta niko hai, kwa hiyo tumshukuru Mungu sote wawili. Magoti yapo mawili na yote yanalalamika. Sukari sijapima, usinianze. Baba yako hajambo. Jumamosi kanirekebishia ua, kama kawaida yake akapiga misumari huku kanipa mgongo na kuniulizia hali kupitia kwa mtoto wa jirani. Kaka ni kaka.

Kazi yako imefanyika. Nimemtuma mwalimu Uaisele, hakuna mwenye adabu kumshinda. Alijifunga kiunoni mkeka wake wa heshima kama anakwenda kanisani, na hakuingia nyumba yoyote mpaka familia yote imekaa, wazee, kaka na dada, chakula mezani. Mwanamume hawezi kumsaili mwanamke peke yake, watu wangesema nini? Majibu yote yamo humu kwenye bahasha.

Hapa tuko na mama mmoja wa kisiwa cha pili na mapacha wake. Mumewe alifika Jumanne, anafoka tangu barabarani. Mimi nilishamwita Seini, dada wa huyo bwana, akaja akaketi mlangoni anasuka mkeka. Jamaa kufika na kumwona dada yake, sauti ikakatika, akageuka alikotoka. Unajua mwenyewe mwanamume wa kwetu haingii alipolala dada yake, wala hatamki neno chafu yeye akasikia. Watu husema mawifi ni viumbe wa chokochoko. Mimi sina kufuli wala mlinzi, nina mawifi, na wananitosha.

Mwambie huyo bosi wako hivyo, akuongezee mshahara.

Shangazi yako,
Fuiva


Logan
20 Aprili

Shangazi,

Natumaini uko salama kuliko mimi. Mama anakusalimu, kikohozi kimemwacha.

Majibu nimeyasoma yote. "Siijui." "Sijawahi kuisikia." "Labda iko kijiji kingine." Karibu kijiji kizima, Shangazi! Hata Lose, aliyejifungulia jikoni kwako! Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nina haja ya kwenda chooni.

Bwana Prescott alisoma karatasi tatu tu akazirudisha. "Kaly," ananiita hivyo, jina langu linamchosha, "watu wanaoishi hatua chache kutoka hapo hawaijui. Sasa thamani yake iko wapi?"

Nikamjibu, "Bwana, hawa wanaijua vizuri mno. Ndiyo maana wanasema hawaijui."

"Hiyo siwezi kuiweka kwenye chati," akasema.

Nimeshaelewa tulipokosea. Mwalimu Uaisele kawakalisha dada na kaka zao, na binamu ambao kwetu ni kaka vilevile, kwenye mkeka mmoja, halafu akauliza habari za wanawake wanaopigwa. Nani angefungua kinywa? Adabu yake ndiyo imetuua. Yule kijana wa Sydney angekosea vingine, kosa hili ni la kwetu wenyewe. Na mimi niliyeandika maswali nilipaswa kuandika pia nani aulizwe mbele ya nani.

Muda wa kurudia haupo, Prescott hataki kusikia. Kanipa njia moja: tupate mwanamke mmoja aliyesaidiwa na nyumba, aeleze yaliyompata, kwa jina lake, pamoja na picha ya mlango. Anasema ushuhuda mmoja wa kweli huwagusa wafadhili kuliko hesabu. Ninahitaji mwanamke mmoja tu, Shangazi. Tafadhali.

Mwanao,
Kalolaine


Vava'u
6 Mei

Kalolaine,

Sisi wazima. Mvua imezidi, viazi vikuu vinaoza shambani.

Picha ya mlango hapana. Leo mlango uko kwenye karatasi yenu, kesho uko kwenye simu ya kila mlevi wa visiwa hivi. Na mwanamke wa kutaja jina hapana pia. Kila mmoja wao ni dada wa mtu na mke wa mtu. Akitajwa yeye, kaka yake atatembeaje barabarani? Mume wake atakaaje kanisani? Humu ndani mtu anakuja akilia, anakula, analala, anaondoka, na mimi simuulizi kitu. Ndiyo maana wanakuja.

Kama thamani yenu ni mpaka mtu avuliwe nguo hadharani, basi waache wajitoe. Nitapika chungu kidogo zaidi.

Usiniandikie tena habari za shahidi.

Shangazi yako,
Fuiva


Logan
19 Mei

Shangazi Fuiva,

Nakusalimu, na nisamehe kwa yanayofuata. Nimeyaandika mara nne nikayachana na kila mara yanarudi yaleyale.

Chungu kidogo? Huyo mama wa mapacha utamweleza nini? Dawa za watoto, boti za kuwaleta kutoka visiwa vingine, vyote vinatoka kwa hao unaowaambia waende zao. Halafu, heshima unayoitaja yote ni ya wanaume: kaka atatembeaje, mume atakaaje. Mwanamke mwenyewe umewahi kumuuliza kama anataka kusema? Umesema mwenyewe huulizi. Mimi kazi yangu yote ni kuuliza, na nimejifunza jambo moja: mtu asiyeuliza mara nyingi anaogopa jibu.

Unamlinda nani, Shangazi? Niambie ukweli. Siwezi kulala wala kufanya kazi nyingine, na zimebaki wiki chache.

Mwanao anayekupenda,
Kalolaine


Vava'u
2 Juni

Kalolaine,

Hujambo. Sijambo.

Umeuliza. Namlinda kaka yangu.

Mwanamke wa kwanza kukimbilia kwangu ni mama yako. Wakati huo sikuwa na nyumba ya wanawake, nilikuwa na chumba kimoja na godoro. Alikuja na wewe mgongoni, mkono wake mmoja hauinuki. Baba yako, Folau, alifuata. Nikatoka nikaketi mlangoni, nikamwangalia. Kaka yangu aliinamisha kichwa akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hajakanyaga ndani ya ua wangu ila kutengeneza uzio. Mlikaa kwangu mpaka mama yako alipopata njia ya kwenda Australia. Mengine yote yalianzia hapo. Wa pili alikuja kwa sababu alisikia wa kwanza hakuguswa.

Sikumwambia mtu. Mama yako naye hakusema. Sasa unataka niwape wafadhili wako jina la kaka yangu walisome mezani na chai. Siwezi, na ikirudi siku ile nitafanya vilevile.

Umetaka ukweli, ndio huo. Baba yako ni baba yako, endelea kumsalimia.

Shangazi yako,
Fuiva


Logan
26 Juni

Shangazi,

Sijui nikusalimu vipi safari hii. Tuko hai. Mama anakula vizuri. Mimi si sana.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima kwenye mkoba. Nikawa natoka nyumbani kabla Mama hajaamka na kurudi akiwa kazini. Baba akapiga Jumapili, kama kawaida, anacheka, ananiuliza kama nimepata mchumba au naendelea kuwahoji wanaume mpaka wanakimbia. Nikacheka naye. Nampenda, Shangazi, na sijui nifanye nini na mapenzi hayo.

Mwishowe nikamwonyesha Mama barua. Alikuwa anafungia nyama kwenye majani ya magimbi apike lu. Akaisoma amesimama.

"Kumbe Fuiva mkono wangu aliuona," akasema.

"Mama, mbona hukuniambia? Miaka yote hii nakulaumu!"

"Ulikuwa na baba mzuri kwenye simu. Mimi sikuwa na mwingine wa kukupa."

Nikalia kama mtoto. Yeye hakulia. Akamaliza kukunja majani, akanawa mikono, akaniambia nichukue kalamu. Alisema kila kitu, na mwisho akasema niweke jina lake lote, Meleane, na la kijiji.

Ushuhuda huo sikuupeleka kwa Prescott. Badala yake nilikwenda kwa wafadhili mwenyewe, nikawaambia utafiti wetu ulikuwa mbovu, na nikawaeleza ubovu wake. Nikawaambia nyumba ambayo kijiji kizima kinasema uongo pamoja ili kuificha haikosi thamani, ila tuliuliza kwa mdomo usiofaa. Kwetu mwanamke aulizwe na wifi yake, wawili peke yao, kwa sababu mume hawezi kumlipizia kisasi mke aliyesema na dada wa mume mwenyewe. Majina yabaki kwa wifi. Bibi mmoja mwenye nywele fupi aliuliza, "Na hao mawifi watakubali?" Nikasema sijui. Wametupa mpaka mwisho wa Septemba, na nije kusimamia mwenyewe. Prescott amenuna, anasema nimemruka. Huenda nikirudi sina kazi.

Tunafika tarehe kumi na mbili Julai. Nimesema tunafika, maana Mama anakuja. Sikumwomba. Anataka awe wa kwanza kuulizwa, na muulizaji uwe wewe. Anasema mimi ameshanijibu yote, lakini wewe uliketi mlangoni siku ile umempa mgongo, na mpaka leo hujageuka ukamuuliza.

Kama huwezi, niambie sasa, nimweleze kabla hajapanda ndege.

Mwanao,
Kalolaine


Vava'u
3 Julai

Meleane, wifi yangu,

Barua hii ni yako. Kalolaine akuachie uisome peke yako.

Jana nilivuka barabara nikaenda kwa kaka yangu. Nilisimama uani nikamwita mwenyewe, bila kumtuma mtoto. Nikamwambia unakuja, na kwamba nitakuuliza, na utakachonijibu nitakiandika kwa mkono wangu. Alitaka kuondoka, kama anavyopaswa kuondoka mwanamume dada yake akianza maneno ya namna hiyo. Nikamwambia, "Folau, kaa." Akakaa.

Siwezi kungoja ndege. Nakuuliza sasa, na nitakuuliza tena ukishuka: kaka yangu alikufanya nini?

Wifi yako,
Fuiva