Miche Iliyopandwa na Viriba Vyake

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka kumi na minne
Kazi: mwanafunzi, klabu ya mazingira ya shule
Makazi: nyumba za nyuma ya soko
Aliyeambatana naye: mama yake mdogo

Leo tarehe 9 Mei naahidi kusema yote, hata yatakayomuudhi mwalimu wangu.

Mnamo tarehe 18 Aprili tulipanda miti kando ya mto ulio chini ya shule. Halmashauri ilitoa eneo, shirika la hisani likaleta miche, na kikundi cha akina mama, ambacho mama yangu ni mwenyekiti wake, kikachimba mashimo. Kupanda ilikuwa kazi yetu wanafunzi. Wageni walioalikwa na shirika walichelewa, na walipofika walikuwa na haraka. Nilianza kuchana kiriba, yaani mfuko wa plastiki unaoshika udongo wa mche, kama tulivyofundishwa. Dada wa shirika akaniambia, "Mdogo wangu, acha hivyo hivyo. Wapige picha kwanza, viriba vitatolewa baadaye." Mwalimu akasema nifanye ninavyoambiwa.

Hakuna aliyerudi. Ofisa wa halmashauri, tunayemwita Bwana Miti, alidhani shirika litarudi. Shirika lilidhani ni kazi ya kikundi. Kikundi hakikuambiwa kitu, maana saa ile akina mama walikuwa wanawapikia wageni. Nimeyajua haya leo asubuhi, walipokuwa wakitupiana mpira hapa mapokezi ya kituo cha polisi.

Jumamosi iliyopita niliona majani yananyauka ingawa mvua ilikuwa imenyesha. Nilimwambia mama, na kwamba viriba havikutolewa. Aliacha kufua.

"Kwa hiyo mmeizika na nguo zake?" Alicheka.

Jana asubuhi tulikwenda mtoni na ndoo. Tuling'oa mstari wote wa karibu na daraja, tukachana viriba. Mizizi ilikuwa imejiviringisha mle ndani. Mama alipoanza kuirudisha shimoni, mlinzi wa halmashauri akaja mbio.

"Mama Mwenyekiti! Mradi wa serikali unaung'oa mchana kweupe?"

"Baba, mwizi gani anakuja na ndoo ya maji?"

Mlinzi alisema ameagizwa asiruhusu mtu kugusa, akapiga simu. Askari walipofika, mama hakubishana. Aliomba tu amalize mche uliokuwa mkononi. Alikataliwa. Aliulaza chini taratibu kama mtoto mchanga, akapanda gari na matope yake mikononi.

Nimeyasoma mwenyewe niliyoyasema. Sijaongeza chumvi wala sijapunguza.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyachukua mimi, askari wa zamu, mbele ya mama yake mdogo. Baada ya kusaini, shahidi ameomba kuongeza maneno haya, na anasubiri jibu kwenye benchi:

Afande, ile miche ya karibu na daraja imelala nje tangu jana. Niliifunika kwa magunia mabichi, lakini sasa yatakuwa yamekauka. Mama akiwa humu ndani, ninaruhusiwa kwenda kuipanda sasa hivi, au na mimi nitakamatwa?