Pazia la Kadzo

Mjukuu wangu Dama,

Hatujambo hapa Gede, na mihogo imestawi. Umeuliza kwa nini nilimficha mwanao Kadzo nyuma ya pazia wakati mhudumu wa afya alipokuja kuandikisha watu bima.

Ni mazoea, mama. Utotoni, ndugu yangu Karisa hakutembea. Mgeni akibisha hodi, nilitumwa nimpeleke nyuma ya pazia. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu watano. Tulikuwa sita, na Karisa alikuwa akisikia.

Sasa binti huyu mhudumu akaniambia, "Shikamoo nyanya. Nimemfuata yule mtoto asiyetembea. Bima italipia mazoezi ya miguu yake." Maisha yangu yote sijapata kuona mgeni akibisha hodi kumtafuta wa nyuma ya pazia!

Pazia nimelishusha, nikalitandika barazani. Hapo ndipo Kadzo anapofanyia mazoezi, wapita njia wakimsalimu kwa jina.

Nyanyako