Povu Mdomoni mwa Achieng

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha vichwa saba saluni. Vidole vimekunjamana. Shampuu mpya ina povu jingi na haitoi uchafu, lakini mteja asipoona povu analalamika kwamba hajaoshwa. Binti yangu Achieng amerudi kutoka shuleni akiumwa kichwa. Nimempa uji.

Jumanne, 4 Machi
Achieng ameanguka jikoni. Miguu ikipiga sakafu, macho meupe, povu mdomoni.
Mimi mamake nilirudi nyuma. Nimeandika, sifuti.
Huko kwetu Kombewa tulikanywa tangu utotoni: mwenye kifafa haguswi akitoa povu, likikupata na wewe utaanguka. Nilisimama mlangoni nikipiga kelele. Mama Otis, jirani, alikuja akasimama kando yangu. Mkono wa mtoto ulikuwa juu ya jiko la makaa. Hakuna aliyeuvuta.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali. Bandeji hadi kwenye kiwiko. Daktari aliuliza nani alikuwa naye. Nikasema mimi. Akatazama ule mkono, kisha akanitazama.
"Mama, hilo povu ni mate tu, limechanganyika na hewa. Haliambukizi mtu."
Tumepewa vidonge. Kifafa kikimshika tena, nimlaze ubavu, nisimtie kitu mdomoni. Nimeelewa. Bado naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Maziwa yakifura kwenye sufuria narudi nyuma. Saluni, povu lilimshuka mteja hadi mdomoni nikaganda. Akauliza kama maji yamekatika.
Mama Otis amewakataza wanawe kucheza na Achieng. Nina uso gani wa kumlaumu? Tulisimama mlango mmoja.

Jumapili, 9 Machi
Tumetoka kanisani, Achieng akauliza.
"Mama, ulikuwa wapi?"
"Mlangoni. Niliogopa."
Alikula samaki wake kwa mkono wa kushoto. Afadhali angelia.

Jumatano, 12 Machi
Sijatoka kwenda kazini. Namfuata Achieng hadi chooni. Amekasirika.

Alhamisi, 13 Machi
Kifafa kimemshika tena, uani, akianua nguo. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilipiga magoti. Nikamlaza ubavu, leso chini ya kichwa, kiganja shavuni. Povu likanijaa mkononi. Lilikuwa na uvuguvugu. Nilisali kwa Dholuo, lugha ya kwetu, sijui niliomba nini.
Kukatulia. Upepo wa ziwa ukapeperusha shuka. Alipoamka alitazama mkono wangu muda mrefu, kisha akaufuta kwa sketi yake, kidole kimoja kimoja.
Tumeanua nguo zilizobaki.