Pikapu Mpya na Masikio ya Baba Watoto

Baba Watoto,

Chakula kimo kwenye sufuria ya bluu. Ukimaliza kupasha, funga gesi.

~~Zile pikapu mpya, vinasa sauti vya gitaa, zirudishe dukani.~~ Usirudishe kitu. Hazina kosa.

Asubuhi, binti yako alipokupigia magitaa yako mawili huku umeelekea ukutani, nilikuwa mlangoni. Lenye pikapu za zamani lilitoa sauti nzito, likinguruma kama friji letu. Lenye mpya lilitoa sauti safi, kali, ya kukata. Hata mimi nisiyejua kushika gitaa nilisikia. Wewe fundi ukasema, "Msinichezee, mnapiga gitaa lilelile."

Mtoto akacheka, akidhani unamtania. Mimi sikucheka. Ulipogeuka, nilikuona unamtazama midomo ndipo umjibu.

Saa tisa nakusubiri kwa daktari wa masikio, mkabala na posta. Nimeshakuandikisha. Usiniambie ni mafua. Mafua hayakai mwaka mzima.

Mwaka huo wote nilidhani unanipuuza tu. Heri ingekuwa hivyo.

Gitaa njoo nalo. Daktari akiuliza unataka kusikia nini, umwoneshe.

Mama Watoto